UZI: Kuipa sevu ya umeneja misimu 20. Ligi Kuu, Ndanda na Namungo ndani ya FM24 (Football Manager 2024)

Korosho_DarajaLaKwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu wa kusini na wengine wote, salaam.

Kila mwezi swali ni lilelile: sevu (mchezo ulioanzisha na kuuhifadhi) inachosha msimu wa tatu, nifanyeje? Jibu la haraka linalotolewa ni "shusha apdeti ya usajili". Mimi nasema hiyo ndiyo inayoua sevu. Usajili mpya unakufurahisha wiki mbili, halafu unabaki na ligi ileile isiyo na mchujo wa kushuka, fedha zisizolingana na hali ya huku, na timu ya vijana isiyotoa mtu. Utamu wa umeneja uko kwenye kanuni, fedha na chipukizi. Majina na sura ni rangi ya ukutani, unapaka nyumba ikishasimama.

Uzi ni wa FM24 kwenye kompyuta, kwa sababu edita yake (programu ya kubadilisha data kabla ya kuanza kucheza) ni ya bure: iko kwenye duka la gemu la Steam, upande wa zana. Kwa Afrika, gemu lenyewe linakuja na Afrika Kusini tu kama nchi inayochezeka. Tanzania unaijenga au unachukua faili la aliyejenga.

Kabla ya hatua yoyote, elewa kipi kinaingia kwenye sevu inayoendelea na kipi hakiingii. Wengi wanakwama hapa.

Faili la edita, lile linaloishia na .fmf, husomwa siku moja tu: siku unapoanzisha sevu. Ukiliweka msimu wa pili gemu halilioni kabisa, na si kwamba faili ni bovu. Databesi ya usajili inayotolewa baada ya dirisha la Januari nayo ni hivyohivyo, sevu ya zamani inaendelea na databesi ya zamani. Vinavyoingia wakati wowote ni nembo, sura, jezi, mwonekano wa menyu, mbinu, na marekebisho mengi ya injini ya mechi.

Kuna mlango wa katikati ambao haupigiwi kelele. Ligi iliyokuwemo kwenye faili tangu mwanzo, hata kama hukuichagua, unaweza kuiwasha baadaye kwenye sehemu ya kuongeza na kuondoa ligi. Inaanza kuchezeka msimu unaofuata. Kwa hiyo siku ya kwanza pakia kila faili utakalolihitaji miaka 10 mbele, hata Kenya na Zambia, kisha uziwashe taratibu. Hapo sevu yako inapata apdeti bila kuanza upya.

---

Mlinzi_wa_Ligula

Mkuu, hapo kwenye kanuni shuka chini. Wengi tunaishia kubonyeza kitufe cha kuhakiki, yanatoka maandishi mekundu, tunafunga.

---

Korosho_DarajaLaKwanza

Sawa kiongozi. Mpangilio wangu ni huu.

Fungua edita, pakia databesi mpya kabisa iliyopo kwenye orodha. Nenda "Nation Rules", ongeza kanuni za Tanzania kutoka kwenye kiolezo. Weka madaraja mawili: Ligi Kuu timu 16 na Championship timu 16. Usianze na madaraja manne, makosa yatakuwa mengi hujui uanzie wapi. Timu 16 kwa nyumbani na ugenini ni raundi 30, mechi 240 kwa daraja.

Sasa nenda kwa klabu moja moja. Kila klabu inatakiwa iwe na daraja inalocheza, daraja la msimu uliopita na nafasi iliyomaliza. Nusu ya yale maandishi mekundu inatoka hapa: umeandika daraja lina timu 16, lakini klabu zenye daraja hilo kwenye data ni 15 au 17. Mara nyingi ya 17 ni klabu iliyoshuka miaka iliyopita na databesi haijaiondoa. Chuja klabu kwa daraja, hesabu, rekebisha, hakiki tena.

Nusu nyingine ni tarehe. Raundi 30 zinataka siku 30 zisizogongana na kombe la shirikisho, mechi za CAF na kalenda ya FIFA. Ukibana ligi kuanzia Agosti hadi Aprili kwa kucheza wikiendi tu, edita itakwambia siku hazitoshi. Ongeza raundi kadhaa za katikati ya wiki, na acha nafasi Januari kwa Kombe la Mapinduzi.

Kiolezo kikishapita bila kosa, HIFADHI NAKALA, ndipo ubadilishe kwenda kanuni za kina. Ukishabadilisha hakuna kurudi nyuma. Na faili mbili zinazogusa kanuni za nchi moja usizipakie pamoja, zitagombana na utakayeumia ni wewe.

---

Kocha_wa_Mitwero

Naongezea hapo kwenye kanuni za kina, maana ndipo Ligi Kuu inapopata ladha yake. Huku kwetu wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza wenyewe kwa wenyewe, nyumbani na ugenini. Anayeshinda anabaki. ANAYEFUNGWA ndiye anayekwenda kukutana na timu ya Championship iliyotoka kwenye mchujo wa wa 3 na wa 4. Wawili wa juu wa Championship wanapanda bila mchujo.

Kwenye edita hiyo ni hatua tatu tofauti zinazofuatana. Kosa linalojirudia kwenye mafaili mengi ya kushusha: hatua ya pili imeambiwa ipokee mshindi wa hatua ya kwanza, kwa sababu ndivyo mtoano wa kawaida ulivyo. Matokeo yake aliyeshinda anaingia hatarini na aliyefungwa yuko salama. Unaweza kucheza misimu mitano bila kugundua kama wewe unamaliza nafasi ya sita kila mwaka.

Namna ya kupima bila kupoteza mwezi: anzisha sevu ya majaribio, chukua likizo ya meneja hadi Julai mwaka unaofuata, kisha angalia nani kapanda na nani kashuka. Fanya hivyo misimu miwili mfululizo, usiishie mmoja. Msimu wa kwanza unaweza kwenda vizuri, wa pili timu zikawa 15 huku na 17 kule kwa sababu timu moja ilihesabiwa kote.

---

Jahazi_la_Mikindani

Na wachezaji wa kigeni 12 wa kila klabu unawaweka wapi?

---

Kocha_wa_Mitwero

Kwenye kanuni za usajili wa kikosi, kaka. Si kwenye kanuni za siku ya mechi. Ukiweka siku ya mechi, timu kubwa za Dar zitarundika wageni 20 na kuwazungusha. Soma kanuni za msimu unaouiga, maana idadi hii imewahi kubadilishwa na itabadilishwa tena.

---

Bint_Shangani

Mimi nawarudisha nyuma kidogo. Kabla ya kanuni, mji. Mafaili mengi yana Ndanda iliyowekwa kijiji cha Ndanda, wilaya ya Masasi, kwa sababu ya jina. Klabu ni ya Mtwara mjini na uwanja ni Nangwanda Sijaona. Hili si pambo: mji wa klabu unaathiri wapi chipukizi wake wanazaliwa. Ukiacha hivyo, Mtwara mjini inaweza isitoe wachezaji kwa misimu mingi.

Ukitengeneza mji mpya andika latitudo na longitudo. Mtwara ni karibu -10.27 na 40.18, Lindi ni karibu -10.0 na 39.71. Ile alama ya kutoa ni ya kusini mwa ikweta. Ukiisahau, Mtwara inaangukia Ethiopia.

Namungo nayo iwe Ruangwa na uwanja wa Majaliwa, isiwe Lindi mjini. Halafu weka uhasama wa Ndanda na Namungo kwa mkono, pande zote mbili. Ukiweka upande mmoja, mmoja anaiona dabi na mwenzake anaona mechi ya kawaida.

---

Mhasibu_wa_Stoo

Naomba nizungumzie fedha, sehemu inayoharibiwa kuliko zote.

Kitu cha kwanza kuangalia ni sarafu iliyowekwa kwenye mipangilio ya edita. Ukifikiri kwa shilingi na edita inahesabu kwa pauni, utaipa klabu ya Ruangwa mapato ya mwaka yanayozidi klabu yoyote ya Uingereza. Dalili utaiona dirisha la kwanza tu: Namungo inanunua mshambuliaji wa Serie A.

Kipimo cha kujirekebisha: mkataba wa haki za televisheni wa 2021 kati ya TFF na Azam Media ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ukigawa kijinga, ni bilioni 22.56 kwa mwaka, na kwa timu 16 ni bilioni 1.41 kila moja. Mgao halisi hauko sawa hivyo, bingwa na wa mwisho hawalingani. Lakini unakuonyesha kimo cha fedha. Klabu ya katikati ya jedwali ikiingiza mara kumi ya hapo kwa televisheni, kuna sifuri imezidi.

Fedha za televisheni na zawadi ziwekwe kwenye kanuni za ligi, zisiwekwe kwenye salio la klabu. Salio linaliwa mara moja. Mgao wa ligi unarudi kila msimu, na ndio unaofanya kushuka daraja kuume. Championship ipe kidogo sana. Ndanda ilishuka 2020, na anayeichukua leo kwenye sevu anatakiwa asikie uzito huo kwenye mishahara, la sivyo kupanda hakuna maana.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kuweka fedha za msimu wa korosho, yaani wadhamini wa kusini wawe na hela kuanzia minada ya Oktoba. Gemu halijui korosho. Njia pekee ni edita ya ndani ya gemu, ile ya kulipia: kila Novemba unaiongezea klabu kiasi ulichojipangia kabla ya msimu kuanza. Andika kiasi hicho kwenye daftari Agosti. Ukikipanga Novemba baada ya kufungwa mechi nne, unajidanganya mwenyewe.

---

Mlinzi_wa_Ligula

Na ile edita ya ndani hainionyeshei kalamu ya kurekebishia. Nimeinunua.

---

Mhasibu_wa_Stoo

Wakati wa kuanzisha sevu kuna kisanduku cha kuzuia matumizi yake. Ukikiweka tiki, sevu hiyo imefungwa moja kwa moja. Kama hukuweka tiki, basi haijawashwa kwenye mipangilio ya mwonekano, ni kubonyeza tu.

---

Korosho_DarajaLaKwanza

Chipukizi sasa. Hapa ndipo sevu ya miaka 20 inapopona au kufa, kwa sababu ifikapo msimu wa 15 karibu wachezaji wote unaowajua wamestaafu.

Uwezo wa mchezaji unapimwa 1 hadi 200, uwezo wa sasa na uwezo wa juu kabisa. Uwezo wa juu unaweza kuandikwa kwa namba hasi, ambayo gemu huitafsiri upya kila unapoanzisha sevu: -5 ni kati ya 70 na 100, -6 ni 90 hadi 120, -7 ni 110 hadi 140, -8 ni 130 hadi 160. Mtu akitengeneza faili la Tanzania na kuwapa vijana 30 namba -9 kwa uzalendo, baada ya misimu mitano wote wako Ulaya, ligi imebaki tupu na Taifa Stars inacheza nusu fainali ya dunia. Inachekesha mara moja tu.

Wengi wape -4 hadi -6. Mmoja au wawili kwa nchi nzima wape -7. Kwa kutumia hasi, kila sevu inakuletea nyota tofauti.

Kwa klabu kuna namba nne za 1 hadi 20: vifaa vya mazoezi, vifaa vya vijana, ukufunzi wa vijana, na usakaji wa vijana. Watu wanapandisha vifaa na kusahau usakaji. Usakaji na ukufunzi ndivyo vinavyoamua nani anaingia mlangoni, vifaa vinamlea akishaingia. Kwa klabu ya kusini isiyo na fedha, ningeweka usakaji 8 na vifaa 4: watoto wazuri wanapatikana, kuwakuza ndiyo kazi. Hapo umejipa sababu ya kujenga kwa misimu 10. Na mkuu wa maendeleo ya vijana mchague kwa tabia yake kabla ya namba zake, maana tabia yake ina mkono kwenye tabia za wale watoto.

---

Bahari_ya_Msimbati

Mwanzisha uzi unasema apdeti zinaua sevu, napinga kidogo. Apdeti ya kanuni ni nzuri hata katikati ya mwaka, tatizo ni apdeti ya majina.

Angalieni upande wa Marekani. Madden NFL 21, gemu la futiboli ya Kimarekani, ilipotangazwa 2020 bila kitu cha maana kwenye hali ya Franchise (ile ya kuendesha timu misimu mingi), wachezaji wakapiga kelele mtandaoni kwa alama ya #FixMaddenFranchise hadi EA wakaahidi apdeti za bure: Novemba 2020, kisha Januari na Machi 2021. Humo kulikuwa na maboresho kama akili ya kompyuta kwenye kubadilishana wachezaji. Mwaka uliofuata Madden 22 ikatoka Agosti, na mfumo mpya wa usakaji ukaja Septemba kama apdeti. Hizo zilibadilisha namna mtu anavyofikiri akiwa kwenye menyu. Orodha ya vikosi kila wiki haifanyi hivyo.

---

Korosho_DarajaLaKwanza

Hapo hatupingani mzee. Ndicho ninachokisema, wewe umekisema kwa Kimarekani.

---

Dogo_wa_Banda

Wakuu na sisi wa PS4? Banda zima linacheza PES 2021. Na wale wa FC (zamani FIFA) je?

---

Bint_Shangani

PES 2021 mdogo wangu unaweza kufanya mengi ya juujuu na machache ya ndani. Flashi iwe FAT32 au exFAT, NTFS haisomwi na PS4. Tengeneza folda iitwayo WEPES, herufi kubwa zote, nje kabisa, isiwe ndani ya folda nyingine. Weka mafaili humo, nenda Edit, ingiza timu, na uweke tiki kwenye kuruhusu data za wachezaji na vikosi. Bila tiki hiyo utapata jezi mpya na wachezaji walewale.

Master League (hali ya umeneja ya PES) iliyokwisha kuanza haitachukua vikosi hivyo. Edit kwanza, Master League baadaye. Kanuni za ligi huwezi kuzigusa kwenye PS4, kwa hiyo mchujo wa Kocha wa Mitwero usahau. Usihamie eFootball, mrithi wa PES, ukitafuta umeneja: ilitoka Septemba 2021 bila Master League.

FC, vikosi vinachaguliwa mwanzoni mwa kariya (hali yake ya umeneja) na vinabaki hivyo. Tangu FIFA 22 unaweza kutengeneza klabu yako na kuiweka kwenye ligi iliyopo, ndiyo maana kuna watu wana Ndanda daraja la nne Uingereza. Baridi itawaua. FC 26 imeleta changamoto za umeneja zinazobadilishwa msimu mzima, ila zinataka intaneti.

---

Jahazi_la_Mikindani

Laptopu ya RAM 4 itabeba hii Tanzania yenu?

---

Mlinzi_wa_Ligula

Itabeba ukiipunguzia mzigo. Chezesha Tanzania madaraja mawili, Afrika Kusini iwe ya kutazama tu, databesi ndogo, na ongeza kwa mkono wachezaji walioko Afrika Mashariki. Ulaya nzima usiichague, hutafundisha huko kabla ya msimu wa nane. Weka tiki ya kuongeza wachezaji kwenye timu zinazochezeka, vinginevyo klabu za Championship zitaingia uwanjani na wachezaji wa kijivu, yaani wa kujazia kikosi tu, wasio na maisha marefu. Na zuia usajili wa dirisha la kwanza, ili vikosi ulivyovipanga visivurugwe Julai ileile.

Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linakufa. Weka hifadhi ya kujiendesha kila wiki ya gemu, kwa mafaili matatu yanayozunguka. Moja likifa unarudi nyuma wiki moja. Nakala ya folda ya "games" iwekwe kwenye flashi kila mwisho wa msimu, jina liwe na mwaka.

Wenye bando la kupima: Steam, bonyeza gemu kulia, sifa zake, apdeti, chagua ijisasishe pale tu unapolifungua. Kisha nakili sevu KABLA ya kulifungua.

---

Kocha_wa_Mitwero

Hili la kila mwisho wa msimu lipewe ratiba. Juni ya gemu, kabla ya usajili, fanya mambo haya tu: kwa edita ya ndani soma kama klabu iliyopanda ina uwanja wenye hadhi, punguza salio la klabu iliyojaziwa fedha na kosa, kisha kwenye sehemu ya kuongeza ligi washa moja mpya kama kompyuta inaweza. Namungo ilifika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Klabu ya sevu ikifanya hivyo, ipandishie usakaji wa vijana kwa namba moja. Moja, si tano. Mchezaji usimguse hata mmoja.

---

Jahazi_la_Mikindani

Nimepakia, Tanzania imetokea kwenye orodha. Championship inaonyesha timu 17.

---

Korosho_DarajaLaKwanza

Chuja kwa daraja, panga kwa nafasi ya msimu uliopita. Yenye nafasi sifuri ndiyo ya ziada. Itoe, hakiki, anzisha sevu mpya. Hiyo uliyopakia haitajirekebisha.